Kidole cha Akiba

Asubuhi za Ikomelo zilikuwa na baridi ya kukata masikio, na Shangazi hakupenda vidole vya baridi.

"Pasha moto kwanza, mama," alisema Lugano, binti aliyelinda lango, akakirudisha kifaa kifuani. "Hasomi damu iliyolala."

"Damu yangu mimi haijawahi kulala," alijibu Tumpe, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari kama kawaida yake. "Kamuulize mzee wangu kule nyumbani."

Wanawake waliosimama nyuma yake wakacheka, mvuke ukiwatoka midomoni. Kila mmoja alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili ili vidole vipate moto. Tumpe akakipulizia kidole chake cha shahada, akakisugua kwenye kitenge, akakiweka juu ya kioo.

Kifaa kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Kilikaa vizuri kwenye kiganja cha Lugano, na hakikuwa na waya, kwa sababu unyevu wa mlima ulikuwa umezila nyaya zote zilizowahi kupitishwa kwenye ule mwamba. Kilisoma mistari ya ngozi, kisha kikatafuta mapigo ya damu chini yake, ili asitokee mtu wa kukidanganya kwa kidole cha plastiki au cha maiti. Kikiridhika, kilirusha jina hewani hadi kwa Mizani, ile akili iliyoilinda Hifadhi ya Mbegu kutoka ndani kabisa ya mlima, na Mizani ikaongeza mtu mmoja kwenye hesabu ya waliomo.

"Tumpe Kalinga, karibu," kikasema kwa sauti ya mwanamke mpole.

Sauti hiyo ndiyo iliyokipatia jina. Wachambuaji wa mbegu walisema huyo ni shangazi kabisa, yule anayekaa mlangoni siku ya harusi, anayejua nani ameingia, nani ametoka na nani hakualikwa.

Lakini Tumpe hakusogea. Alibadilisha mkono, akaweka kwenye kioo kidole cha pete cha mkono wa kushoto.

"Sekela Mwambene, karibu."

Lugano akainua macho. Sekela Mwambene alikuwa nyumbani kwake, chini ya blanketi mbili, na mtoto wa wiki mbili na siku chache. Lugano mwenyewe alikuwa amempelekea uji jana yake.

Tumpe hakukwepa macho yake. Hakutabasamu pia.

Kando ya kioo palikuwa na kitufe chekundu. Lugano alifundishwa kukibonyeza kabla hajafundishwa kitu kingine chochote. Ukikibonyeza, lango lingejifunga, Mizani ingeita mjini, na kidole cha mdanganyifu kingezimwa. Katika nchi ile ya wakati ule, kidole kilifungua zahanati, kilifungua kisima, kilifungua mlango wa shule ya mtoto wako, kilikupa mgao wako wa mbegu mvua zilipokaribia. Mtu aliyezimwa kidole alibaki hai, lakini milango yote ilimwona kama upepo.

"Mstari unaganda, mwanangu," Tumpe alisema polepole.

Lugano akasogea kando, akampisha.

*

Mchana alimfuata kwenye jiwe ambalo wachambuaji walilia chakula chao. Tumpe alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha, akamkatia nusu bila kuuliza.

"Mmewezaje?" Lugano aliuliza.

"Yule kijana aliyekutangulia. Siku ya kutusajili alisema kila mtu aweke kidole kimoja cha kazi na kingine cha akiba, ili ukijikata na kisu usikose kuingia. Halafu baridi ikamshinda, akaenda kuota moto. Akatuachia Shangazi tukimpokezana mkono kwa mkono." Tumpe akatafuna kidogo. "Sisi tukaulizana, mtu akijikata ana vidole vingine tisa, akiba ya nini? Lakini mtu akizaa, akifiwa, akilazwa, je? Basi mimi nikaweka cha kwangu kwenye jina la Sekela. Sekela akaweka cha kwake kwenye jina la Bupe. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari."

"Wote wanane?"

"Sijasema wote." Akafuta mikono. "Nimesema mpaka mwisho wa mstari."

Lugano akajikuta anacheka, kisha akaacha. "Mama, ile siyo mashine ya kuandika mahudhurio. Mizani inahesabu watu kwa sababu ya hewa."

Tumpe aliijua habari hiyo vizuri kuliko yeye. Miaka kumi na kitu nyuma walitokea dumuzi wapya ambao hakuna dawa iliyowaweza, wakala mahindi, maharage na ulezi wa mikoa minne, hata mbegu za kupanda zikakosekana. Kilichowaua ni kukosa pumzi tu. Ndiyo maana Hifadhi ilichongwa ndani ya mlima. Siku za kazi wachambuaji waliingia Pangoni kutenga mbegu nzima na mbovu. Kila Jumamosi alasiri, hesabu ikifika sifuri, mlango wa chuma ulifungwa, Mizani ikanyonya hewa yote na kujaza naitrojeni tupu hadi Jumatatu. Gesi hiyo haina harufu na haikabi koo. Mdudu husinzia, haamki tena. Mtu naye vivyo hivyo.

"Sekela hayumo Pangoni," Tumpe alisema. "Asubuhi namwingiza, jioni namtoa. Hesabu inaanza sifuri, inaisha sifuri. Magunia yake tumeyagawana. Nani ameumia?"

"Sheria inasema..."

"Sheria inampa mzazi wiki mbili. Ya tatu asipoonekana, kidole chake kinalala. Wewe uliyesoma, hebu niambie, ni nani aliyekaa akapima mwanamke aliyejifungua akasema huyu wiki mbili zinamtosha kubeba gunia? Kwetu mzazi anatimiza arobaini. Hashiki jembe, hashiki ndoo. Tunamshikia."

Mama yake Lugano alimzaa wakati wa mavuno ya pareto, akarudi kuchuma wiki iliyofuata. Mgongo wake haukunyooka tena. Utotoni Lugano alidhani wanawake wote hutembea hivyo, wameinama kidogo, kana kwamba wanatafuta sindano chini. Alipochagua kusomea mifumo ya utambuzi chuoni, alimwandikia mama yake kwamba atajenga mashine zitakazowatambua watu, ili mtu yeyote asipotee machoni pa nchi yake. Aliyaamini maneno hayo alipoyaandika, na bado aliyaamini.

"Sijasikia kitu," alisema mwishowe, akasimama.

Na kweli alijifunza kutosikia. Kila asubuhi, Shangazi alipotaja jina la Sekela, Lugano alitazama ukungu. Kila jioni, Shangazi alipomuaga Sekela, alitazama viatu vyake. Baada ya siku chache hakuhitaji tena kujilazimisha. Jina lilipita sikioni kama maji juu ya jani la gimbi.

*

Sekela alirudi Jumamosi, arobaini ikiwa bado haijatimia.

Alipanda kilima na mama yake, bibi wa mtoto, aliyembeba mjukuu mgongoni na kubaki naye kwenye kibanda cha langoni. Wachambuaji walimpokea kwa vigelegele. Tumpe peke yake ndiye aliyemkazia macho.

"Nani amekuita huku?"

"Nimesikia Bupe anaumwa kiuno kwa ajili ya magunia yangu," Sekela alisema. Uso wake ulikuwa umepungua, macho yamejaa usingizi. "Nitawezaje kulala?"

"Kwa kufumba macho. Ndivyo watu wanavyolala."

"Leo Jumamosi, dada. Ni nusu siku tu."

Akaweka kidole chake halali juu ya kioo. "Sekela Mwambene, karibu," Shangazi akasema, na safari hii Lugano alitazama uso wa mwenye jina, akafurahi. Ndani yake kitu kilichokuwa kimejikunja kwa wiki tatu kikajikunjua. Leo hesabu ilikuwa ya kweli. Wanane wameingia, wanane wamo.

Kazi ilikwisha saa tisa. Wachambuaji walitoka wakijikung'uta vumbi la nafaka, wakiongea wote kwa pamoja, kwa sababu binti wa mmoja wao alikuwa anaposwa siku hiyo na kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu bwana harusi.

"Ana shingo fupi," Bupe alikuwa akisema. "Mwanaume mwenye shingo fupi ni mkaidi."

"Wa kwako ana shingo ya twiga, ametii lini?" Tumpe akamjibu, mkono juu ya kioo.

"Tumpe Kalinga, kwaheri."

Huku akicheka, kichwa amekigeuzia nyuma, Tumpe akabadilisha mkono kama alivyofanya kila jioni kwa wiki tatu, akaweka kidole cha pete.

"Sekela Mwambene, kwaheri."

Hakuna aliyesikia. Lugano alikuwa anatazama viatu vyake.

Wa mwisho akapita. Taa ndogo ikawaka kwenye kifaa. "Hesabu ni sifuri," Shangazi akasema. "Mlinzi, thibitisha." Lugano akaweka kidole gumba. Mlango wa chuma ukateleza taratibu, ukalala kwenye jiwe, na kutoka ndani ya mlima ukasikika mvumo mzito wa mashine zikianza kunyonya hewa.

Walikuwa wameanza kushuka wakati bibi wa mtoto alipotoka kibandani. Mtoto alikuwa analia kwa ghadhabu, ngumi zake ndogo zikirusha blanketi.

"Jamani, mwambieni mwenzenu afanye haraka," bibi alisema. "Huyu bwana amekasirika, maziwa ya kikombe hayataki."

"Sekela ametoka," Bupe alisema. "Nimesikia... nadhani nimesikia akiitwa."

"Ametokea wapi? Mimi nimekaa hapa hapa njiani."

Wanawake wakageuka wakatazamana, wakihesabu nyuso. Kisha Tumpe akainua mkono wake wa kushoto, akautazama kama mtu aliyeshikishwa kitu asichokijua. Akakaa chini kwenye majani yenye unyevu.

"Nimemtoa," alisema. "Mungu wangu. Nimemtoa mwenyewe."

*

"Mizani, simamisha," Lugano alisema mdomo ukiwa karibu kugusa kifaa. "Kuna mtu ndani."

"Hesabu ni sifuri," Mizani ikajibu kwa sauti ile ile ya Shangazi. "Hakuna aliyemo."

"Yumo! Sekela Mwambene yumo!"

"Sekela Mwambene ametoka."

Bupe na wenzake walikuwa wanagonga mlango kwa mawe. Lugano alijua hakuna sauti inayopita kwenye chuma kile, na Pangoni hapakuwa na simu, wala kamera, kwa sababu vumbi la nafaka liliziharibu zote. Akaita mjini kwa kifaa hicho hicho. Mhandisi Luvanda, aliyeisimamia Mizani tangu ianzishwe, alipokea haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Lugano, tulia unisikie," alisema. "Mdomo hauwezi kuisimamisha. Si wako, si wangu. Unajua kwa nini."

Alijua. Zamani, kwenye ghala lingine bondeni, mlinzi alisema kwa mdomo kwamba watu wote wametoka. Alikuwa na haraka tu, na waliobaki ndani hawakutoka hai. Ndipo ikaamriwa kwamba maneno ya binadamu yasiaminiwe tena, ni vidole tu.

"Hewa imebaki ya muda gani?" Lugano aliuliza.

"Ataanza kupoteza fahamu baada ya robo saa. Kama amelala, hatajua. Kuna njia mbili. Ukisema kifaa kimekosea, Mizani itajipima yenyewe kwanza, mfumo mzima. Ni nusu saa."

"Hana nusu saa, baba."

"Basi futa uthibitisho wako. Siku imefungwa kwa kidole chako, kidole chako kinaweza kuifungua. Lakini itakuuliza kama ulithibitisha ukijua kuna udanganyifu kwenye hesabu. Ukijibu hapana, inarudi kujipima. Ukijibu ndiyo, itasimama papo hapo, na kidole chako kitazimwa. Mimi sitaweza kukiwasha. Niliiandika hivyo makusudi."

Lugano alitazama kidole gumba chake. Shahada yake ilikuwa ndani ya kidole hicho. Hapakuwa na vyeti vya karatasi siku hizo. Kazi hii, chumba chake, zahanati, hata barua za mama yake zilifunguliwa kwa kidole hicho. Na nyuma ya jibu lake kulikuwa na jibu lingine. Akikiri kwamba alijua, wangekuja kuuliza alijua nini, na wangefika kwa Tumpe, na kutoka kwa Tumpe wangeufuata mstari mpaka mwisho. Wanawake wanane. Watoto wao. Angemtoa mmoja Pangoni na kuwafungia wengine nje ya kila mlango.

Tumpe alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Lete kwangu," alisema akinyoosha mkono. "Ni kidole changu kilichokosa. Waniue mimi."

"Hakitaki chako, mama. Kinataka changu."

"Basi wataje wote, mwanangu. Usituonee haya. Tutaje tu, ila mtoe."

Mtoto alilia. Lugano akaweka kidole gumba kwenye kioo.

"Futa uthibitisho," alisema.

"Mlinzi, ulijua?"

"Ndiyo. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba jina la Sekela Mwambene lilikuwa linaingia na kutoka bila Sekela. Nilijua kwa wiki tatu. Leo ameingia mwenyewe, jina likatoka bila yeye, na mimi sikumtazama. Kazi yangu ilikuwa kumtazama."

Mvumo ndani ya mlima ukakatika. "Uthibitisho umefutwa," Mizani ikasema. "Mlango unafunguliwa. Kidole cha Lugano Mwakyoma kimezimwa." Mwanga wa kijani chini ya kidole chake ukafifia kama kijinga kilichomwagiwa maji. Akakigusa kioo tena, kwa kujaribu tu. Kioo hakikumjua.

Hakusubiri mlango umalizike kufunguka. Alivaa barakoa ya hewa iliyotundikwa langoni, Tumpe akavaa ya pili, wakaingia wakipapasa kwenye giza. Walimkuta kwenye chumba cha mwisho, cha maharage. Alikuwa amejitenga huko kukamua maziwa yaliyokuwa yanamuuma, mbali na macho ya wenzake, na usingizi wa mama mwenye kichanga ukamkamata ameegemea magunia, chupa mkononi. Haikuwa imemwagika hata tone.

Wakamburuta kwa kumshika makwapani. Kwenye mwanga wa nje midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Lugano alimpulizia pumzi, akampulizia tena, huku Tumpe akimpiga mashavuni na kumwita majina yote aliyowahi kumwita, mazuri na mabaya. Kisha kifua kikapanda chenyewe. Sekela akakohoa, akafumbua macho, akaziona nyuso zote zikiwa juu yake.

"Nimechelewa?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Mlikuwa mmenihesabu?"

"Nilikutoa," Tumpe alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Kwa mazoea. Nilikutoa, mdogo wangu."

"Dada Tumpe," Sekela alisema, "tulikubaliana uniingize nikiwa sipo. Hatukukubaliana unitoe nikiwepo."

Bupe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kwikwi, na wote wakamfuata. Bibi akamwekea Sekela mtoto kifuani. Kilio kikakatika ghafla, wakabaki wanasikia ukungu ukidondoka kutoka kwenye paa la kibanda.

"Lugano." Ilikuwa sauti ya Mhandisi Luvanda. Kifaa kilikuwa kimeanguka majanini, laini bado iko wazi. Alikuwa amesikia yote. "Namshukuru Mungu. Ila lazima niulize. Hicho kidole kilichomtoa ni cha nani?"

"Nimezimwa, baba. Jibu langu halina uzito tena."

"Vipo vingapi vya aina hiyo?"

Kabla Lugano hajajibu, Tumpe akainama, akakiokota kifaa, akakifuta kwa kitenge, akaweka kidole cha pete.

"Sekela Mwambene, karibu," Shangazi akasema.

Akampa Sekela, ambaye, mtoto akinyonya, aliweka kidole chake cha akiba. "Bupe Ngailo, karibu." Bupe akapokea, akakipulizia kidole kwanza, akaweka. Jina la mwingine likaitwa. Kifaa kikaenda mkono kwa mkono mpaka mwisho wa mstari, kama kilivyokwenda siku ile ya kusajiliwa, na kila kidole kikaita jina la mwenzake. Kilipomalizika, Mizani iliamini kuna watu wanane Pangoni, na wote wanane walikuwa wamekaa nje kwenye majani.

"Umewasikia wote," Tumpe alimwambia Mhandisi. "Yule binti amebeba peke yake mzigo ambao si wake. Kama ni kuzima, zima mstari mzima. Lakini kabla hujazima, nijibu kitu kimoja. Zile wiki mbili za mzazi ziliwekwa na Mizani?"

"Hapana, mama," Luvanda alijibu. "Tuliziweka sisi."

"Palikuwa na mwanamke mezani?"

"Hapakuwa."

*

Jumatatu Mhandisi Luvanda alipanda kilima mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, akihema. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapewa kikombe cha chai, akaombwa radhi kwamba sukari ni kidogo. Hakuja na jibu la baraza. Baraza lingekaa mwezi ujao, na alisema wazi kwamba huenda likawa kali. Ila mpaka hapo alikuwa na mamlaka juu ya mambo mawili, na alikuwa ameyafanya yote mawili usiku wa kuamkia safari.

La kwanza, hakuna mzazi wa Ikomelo ambaye kidole chake kingelala kabla ya arobaini. La pili alimwonyesha Lugano kwenye kioo: swali ambalo Shangazi angemuuliza mlinzi kabla ya kumuaga mtu.

"Nilitengeneza kitu ambacho hakimwamini mtu hata kidogo," alisema. "Kumbe nawe ukaanza kukiachia kazi ya macho yako. Tulikosea sote, kila mtu kwa upande wake."

"Mimi nilikosea zaidi, baba. Nilikuwepo."

Hakumbishia. Alimsajili upya kwa kidole kingine, kama mchambuaji wa kawaida, kimfungulie kisima na zahanati. Shahada ilibaki kwenye kile kilichozimwa. Lugano alimwandikia mama yake kuhusu hilo kwa kalamu, na jibu alilopata lilikuwa fupi: njoo na mbegu za maharage ukija, na usiiname vibaya.

Kuchambua kulimuumiza shingo. Siku ya kwanza alimaliza nusu gunia, na wenzake walimtania kwamba mbegu anazipima kwa rula. Jioni alijipanga kwenye mstari, vumbi puani, nyuma ya Tumpe.

Langoni alikuwa ameketi Sekela. Mpaka arobaini iishe asingegusa gunia, lakini alikataa katakata kubaki kitandani, kwa hiyo walimpa kifaa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, shavu limebonyea.

Lugano akakipulizia kidole, akakiweka kwenye kioo. Shangazi hakuaga mara moja kama zamani. Alitaja jina, kisha akauliza lile swali jipya, na akasubiri jibu la mtu.

"Lugano Mwakyoma. Umemwona?"

Sekela akainua uso. Alimtazama Lugano bila haraka, kuanzia kilemba chenye vumbi, macho, mpaka mikono iliyoanza kutoka malengelenge. Nyuma kwenye mstari hakuna aliyenung'unika, ingawa baridi ilikuwa inaanza kushuka.

"Ndiyo," Sekela alisema. "Nimemwona."

"Kwaheri," Shangazi akasema.